Mtoto wangu ana vipele vya joto na shingo imebabuka: nimpake nini?

"Asalam aleikum daktari. Naishi Kisauni, Mombasa, nina mtoto mmoja, binti wa wiki 7. Tangu joto la kaskazi lichachamae amejaa vipele vidogo vidogo kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni. Mavyaa wangu humkanda kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, kisha humpaka poda, humvisha fulana, kofia na soksi, na kumfunga leso mbili asiingiwe na baridi. Feni hairuhusiwi kuwashwa akiwa chumbani. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, kwa hiyo tunatia vifuniko viwili vya dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni. Jirani alininunulia krimu duka la dawa. Nilimpaka siku tano, vipele vikapungua, nilipoacha vikarudi vingi zaidi. Sasa mkunjo wa shingo umebabuka, una majimaji na unatoa harufu. Wapo wanaosema ni damu chafu, wengine wananiambia niache samaki na mayai kwa sababu nanyonyesha. Pia huchorwa wanja kwenye paji kumkinga na jicho la husuda. Nimechoka, na naogopa ngozi ya mwanangu itaharibika. Nimpake nini?"

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kabla ya yote nikutoe hofu moja: hujamharibu mtoto. Ulichonieleza ni mambo mawili yaliyokutana kwenye ngozi moja, na yote mawili hupona. Vipele vya paji, kifua na mgongo vinafanana sana na harara, yaani vipele vya joto. Mkunjo wa shingo ni jambo jingine, na huo nataka uonwe na mhudumu wa afya kesho au kesho kutwa. Usingoje kliniki ya chanjo ya wiki 10. Nikifika huko nitakueleza kwa nini.

Umeuliza umpake nini. Kwa sasa, mwilini, usimpake kitu. Hebu hesabu vinavyopita kwenye ngozi ya binti yako kwa siku moja: mafuta, poda, dawa ya beseni, krimu, wanja, na juu yake nguo tano. Kila mmoja aliyeongeza kitu alikiongeza kwa mapenzi, lakini kazi iliyo mbele yetu ni ya kupunguza.

Tuanze na jasho, maana hapo ndipo penye chanzo. Mtoto huzaliwa na vitezi vya jasho vyote atakavyokuwa navyo maisha yake, kati ya milioni 2 na 4. Vyako vimetawanyika kwenye mwili mkubwa, vyake vimesongamana kwenye mwili wa kilo chache tu. Kila kitezi kina mrija mwembamba unaopanda hadi juu ya ngozi, na katika wiki hizi za mwanzo mirija hiyo bado haijakomaa. Ngozi ikikaa na jasho kwa saa nyingi, tabaka lake la juu hufura kama vidole vyako baada ya kufua nguo, na mdomo wa mrija hujibana. Jasho huendelea kutengenezwa chini lakini halina pa kutokea. Likikwama juu kabisa, utaona vitone angavu kama umande, visivyomsumbua mtoto, ambavyo hupasuka ukivipangusa. Likikwama chini zaidi, mrija hupasuka na jasho humwagika ndani ya ngozi yenyewe. Hapo ndipo panapotoka vile vipele vinavyowasha na kuchomachoma, na mtoto akawa halali.

Pengine umesoma mahali kwamba harara ni vipele vyekundu, ukamtazama mwanao usiuone huo wekundu. Kwenye ngozi nyeusi mara nyingi hauonekani. Utaona vipele vya rangi ya ngozi yenyewe, au vyenye weusi kidogo, au vinavyoelekea zambarau. Vidole hukwambia mengi kuliko macho: pitisha ncha za vidole mgongoni, harara hukwaruza kama mchanga mwembamba. Vikishapona vinaweza kuacha madoa meusi au meupe kwa wiki au miezi. Hayo huondoka yenyewe. Usije ukamtafutia mtoto krimu ya kumsafisha rangi.

Kwa hiyo damu chafu haimo katika habari hii. Joto limo. Jasho hupoza mwili pale linapokauka, na hewa yetu ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, imejaa unyevu wa bahari na joto la mchana huvuka digrii 30. Hata mimi na wewe jasho letu halikauki upesi, sembuse mtoto aliyefungwa leso mbili na kuvishwa kofia, na kichwa chenyewe ndicho kinachomtolea joto jingi.

Sasa nimtetee mavyaa wako, kwa sababu hofu yake ina asili. Mtoto katika siku za kwanza hupoteza joto haraka sana, hasa akiwa njiti au akiwa amelowa, na ubaridi humdhuru kweli. Wazee waliyaona hayo kwa macho yao. Lakini binti yako ana wiki 7, na ikiwa alizaliwa ametimiza miezi yake na anaongeza kilo vizuri kwenye kijitabu chake cha kliniki, kipindi hicho kimepita. Kinachowachanganya watu ni mikono na miguu. Ya mtoto mchanga huwa na ubaridi kidogo hata akiwa na joto la kutosha, kwa hiyo anayemshika mkono humwongezea nguo. Mshike kisogoni au kifuani. Pakiwa na joto na unyevunyevu, amezidishiwa. Mchana wa kaskazi nepi na fulana moja nyepesi ya pamba zinatosha, na usiku wenye upepo unaweza kumwongezea shuka jepesi la kumfikia kifuani, likiwa limechomekwa pembeni lisipande usoni. Soksi na kofia ndani ya nyumba zivueni.

Na feni iwasheni. Nimonia huletwa na vijidudu. Upepo wa feni hauileti. Igeuzeni ipige ukutani au izunguke, isimlenge usoni moja kwa moja, na mfungue dirisha la upande wa pili hewa ipite. Kwa kawaida hilo pekee, pamoja na kupunguza nguo, hutosha kuituliza harara ndani ya siku mbili tatu.

Mafuta ya nazi najua ndiyo yatakayoleta mazungumzo marefu nyumbani. Nimelelewa kwayo na wanangu nimewapaka, kwa hiyo sina ugomvi nayo. Kwa ngozi kavu ni mafuta mazuri, na ningeyachagua mbele ya mafuta ya zeituni, ambayo asidi yake ya oleiki ikizidi huilegeza kinga ya tabaka la juu la ngozi badala ya kuiimarisha. Tatizo ni wakati. Mafuta hufunika. Msimu wa kusi, hewa inapopoa na ngozi inapokauka, kufunika huko ndiko tunakokutaka kwa sababu kunazuia maji ya ngozi yasitoke. Kwenye harara tunataka kinyume chake, jasho lipate njia. Acheni mafuta mwilini mpaka vipele viishe kabisa. Kukanda kusikome, maana mguso wenyewe una faida kwa mtoto na kwa anayemkanda. Mkandeni kwa mikono mikavu, safi, isiyo na pete. Mtakaporudi kwenye mafuta, matone machache kwenye kiganja yanatosha, yasiingie kwenye mikunjo, na kama ni ya kupikwa nyumbani kwa tui yachujwe vizuri yasibaki na chicha wala maji. Yakianza kunuka uvundo, yatupeni.

Poda sina la kuitetea. Ikikutana na jasho hugeuka uji unaoganda kwenye mikunjo na kuisugua, na vumbi lake mtoto hulivuta mapafuni. Iacheni moja kwa moja.

Kuhusu beseni, kuna jambo watu wengi hawajaelezwa. Ngozi ya mtoto anapozaliwa karibu haina uchachu, kipimo chake cha uchachu, yaani pH, huwa kati ya 6 na 7. Katika wiki zinazofuata hushuka hadi karibu na 5, ikawa na uchachu kidogo unaowazuia vijidudu wabaya na kuwapa nafasi wale wanaoilinda ngozi. Tabaka la juu lenyewe ni jembamba kuliko la mtu mzima kwa takriban asilimia 30. Sasa sabuni ya mche ina pH ya 9 au 10, na dawa ya kuua vijidudu haichagui nani rafiki na nani adui. Kila siku ngozi inapojaribu kujijengea kinga yake, beseni linaibomoa. Ondoeni hiyo dawa. Maji ya uvuguvugu, dakika tano, na sabuni laini ya mtoto isiyo na manukato kwa makalio na mikunjo tu, basi. Kwa joto hili anaweza kumwagiwa maji matupu hata mara mbili kwa siku.

Maji ya chumvi nayo yana lake. Unajua wewe mwenyewe hayatoi povu, badala yake unaona utando mweupe pembeni mwa beseni. Utando huo ni sabuni iliyoshikamana na madini ya maji, na hubaki kwenye ngozi vilevile na kuiwasha. Sikwambii ununue maji ya kumwogeshea, najua mtungi wa lita 20 unavyopanda bei mifereji ikikauka. Mwogeshe kwa hayohayo ya kisima, kisha mmalizie kwa kumsuuza kwa lita moja ya maji matamu. Na kwa kuwa shingo imechubuka, na visima vingi vya mitaa yetu viko karibu na vyoo, maji ya kuoshea shingo yachemshwe kwanza yapoe.

Nimefika kwenye krimu, na hapa nakuomba usome polepole. Sina tyubu mkononi, lakini kitu kinachofuta vipele kwa siku chache kisha vikarudi kwa wingi mara nyingi huwa na steroidi ndani yake, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Zipo krimu zenye dawa tatu kwa pamoja, ya kutuliza uvimbe, ya fangasi na ya bakteria, na hununuliwa kama pipi kwa sababu zinaonekana kutibu kila kitu. Soma maandishi ya ubavuni. Ukiona betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi yenye nguvu isiyofaa kupakwa mtoto wa wiki 7 bila daktari kumwona. Ngozi yake nyembamba huipitisha dawa upesi. Tena, kwa kila kilo ya uzito wake ana eneo la ngozi kubwa kuliko lako, kwa hiyo tone lilelile kwake ni dozi kubwa. Kwenye mkunjo wenye joto na unyevu huingia zaidi. Ikitumika kwa wiki nyingi huikondesha ngozi, huipausha, na inaweza kuuzoesha mwili uache kutengeneza homoni yake yenyewe. Na kama chini yake kuna fangasi, steroidi huficha wekundu huku fangasi akipata nafasi ya kutambaa.

Siku tano zako hazifikishi huko. Acha leo, na usishtuke ngozi ikichafuka kidogo kwa siku chache kabla ya kutulia. Chukua hiyo tyubu uende nayo kliniki. Anayesoma hapa ambaye amempaka mtoto krimu ya aina hiyo kwa wiki nyingi, sehemu kubwa ya mwili, asikatishe ghafla peke yake. Amwone daktari kwanza. Wala sisemi steroidi ni sumu: kwa mtoto mwenye ukurutu, ile dhaifu, kwa siku chache alizopanga daktari, humpa usingizi ambao mafuta hayajawahi kumpa.

Shingo sasa. Mtoto wa umri huu ana shingo fupi yenye mikunjo, na maziwa humdondokea humo kila anaponyonya. Maziwa, jasho, mafuta na poda vikikaa pamoja mahali pasipopata hewa, ngozi husuguana mpaka ikachubuka, na hapo huingia mmoja kati ya wageni wawili. Wa kwanza ni fangasi aitwaye kandida, ambaye dalili yake ni pabichi panapong'aa na vipele vidogo vimetawanyika pembeni kama visiwa. Huyu hutibiwa kwa krimu ya clotrimazole peke yake, isiyochanganywa na kitu, au nystatin. Wa pili ni bakteria. Majimaji na harufu ulivyovitaja vinanifanya nimshuku yeye, na yeye pengine atahitaji antibiotiki ya kunywa ambayo krimu haiwezi kuchukua nafasi yake. Mimi kwa maandishi siwezi kuwatofautisha. Anayeweza ni mtu atakayeinua kidevu cha mtoto na kutazama, na ndiyo maana nimekuhimiza uende. Mwombe pia amtazame mdomoni. Akiwa na utando mweupe usiopanguka kwenye ulimi au ndani ya mashavu, na wewe chuchu zinachoma, nyote wawili mtatibiwa pamoja, la sivyo mtaambukizana huku na huku.

Wakati huohuo, kila baada ya kunyonya inua kidevu, panguse mkunjo kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa, kisha kaushia kwa kugusagusa, usisugue. Akiwa macho mlaze kifudifudi juu ya kifua chako dakika chache mara kadhaa kwa siku, atainua kichwa na shingo itapata hewa.

Samaki na mayai kula, mwanangu. Harara haitoki kwenye maziwa yako. Upo mzio wa chakula unaompata mtoto kupitia kwa mama, lakini huja na mengine, kama choo chenye damu, kutapika sana au ukurutu usiotulia, na hata hapo chakula huondolewa kwa mpango na daktari. Mama anayenyonyesha na kujinyima hudhoofika yeye.

Wanja nakuomba ufutwe. Nyingi za wanja zinazouzwa zimesagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na kwa kuutazama huwezi kujua upi unayo na upi hauna. Risasi ikiingia mwilini kwa mtoto huathiri ubongo unaokua, na mtoto hujipangusa paji kisha akatia mkono mdomoni. Dua za kumkinga zipo, na mavyaa wako bila shaka anazijua kuliko mimi. Na kwa kuwa tumetaja vitu vya nyumbani: kama nguo zake zilitunzwa kabatini na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo, zifueni na kuzianika kabla hajavaa. Hapa pwani watoto wengi huzaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, na kwao naftalini ya vidonge hivyo inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu mpaka mtoto akawa manjano.

Je, kama si harara? Vipele visipopungua baada ya wiki moja ya ubaridi na nguo chache, nitaanza kufikiria ukurutu. Huo mara nyingi huanzia mashavuni, ngozi huwa kavu yenye magamba, na hauondoki hata kusi ikiingia. Hapo rudi kliniki.

Lakini kuna mambo ambayo hayangoji kesho. Binti yako bado hajafika miezi 2, na kwa umri huo tunakuwa wepesi wa kumkimbiza hospitali. Kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 au zaidi baada ya kumvua nguo na kumpoza kidogo, akikataa kunyonya au akinyonya kwa unyonge, akilegea, akilia kilio kisichotulizika, ukiona usaha, malengelenge, ngozi inayobanduka kama iliyoungua, weupe wa macho kuwa manjano, au uvimbe wa moto unaosambaa kutoka shingoni, usimpake wala usimnyweshe dawa yoyote. Nenda usiku huohuo. Kama hospitali iliyo karibu nawe haina huduma ya usiku, vuka daraja la Nyali uende hospitali ya Makadara, yaani Coast General.

Kuhusu mavyaa, usimwendee na maandishi haya ukamwambia daktari amesema umekosea. Mpe kazi ya shingo. Mwonyeshe namna ya kuinua kidevu, kupangusa na kukaushia kila baada ya kunyonya, maana ni mara nane au kumi kwa siku na wewe peke yako utachoka. Mikono iliyokuwa ikipaka mafuta inayo subira hiyo. Mwambie pia amshike mtoto kisogoni usiku, feni ikiwa imewashwa, ahisi mwenyewe kama ana baridi.